Bunduki ya Shabaha ya Marehemu: Namna ya Kuitambua na Kuiuza kwa Halali

Mzee akifariki katika nchi ya Meru au Embu, vitu vyake vya mkononi, kama vile mkuki, upanga, fimbo na kigoda, huweza kugawiwa nyumbani mbele ya wazee wa ukoo, na neno likaishia hapo. Hakuna ofisi itakayouliza mkuki umekwenda kwa nani. Bunduki si hivyo. Bunduki ina namba, namba imeandikwa katika cheti, na cheti kina jina la mtu mmoja tu. Mtu huyo akifa, bunduki hubaki kuwa mali ya mirathi yake, lakini ruhusa ya kuiweka hufa pamoja naye.

Jambo hili halijulikani na wengi, na kutolijua kwaweza kumfikisha mahakamani mjane asiyekuwa na hatia moyoni mwake. Tena wako wanaolijua nusu: huogopa, wakaizika bunduki shambani au kumwuzia mpita njia kwa bei ya mbuzi wawili, kumbe ilikuwa bunduki ya shabaha ya thamani, ambayo ingalisaidia kulipa karo ya watoto. Basi yafaa kila mwenye nyumba aelewe mambo manne: namna ya kutoa habari, namna ya kuitambua bunduki, namna ya kupata haki ya kuiuza, na namna ya kuiuza.

Zilivyofika katika nyumba za watu

Bunduki ya shabaha ni bunduki iliyotengenezwa kwa mashindano ya kulenga, wala si kwa vita wala kuwinda. Mchezo huu ulisitawi Uingereza tangu Chama cha Taifa cha Bunduki kilipoanzishwa mwaka 1859, na tangu mwaka 1890 mashindano yake makuu yamefanywa mahali paitwapo Bisley. Kutoka huko mchezo ulienea katika makoloni. Kenya iliposhiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne mwaka 1956, walenga shabaha walikuwamo miongoni mwa washindani wake.

Kandokando ya Mlima Kenya, bunduki za namna hii zilikuwa mikononi mwa baadhi ya walowezi wa Timau na Nanyuki, maafisa wa Serikali na wapenzi wa mchezo. Wengine waliokuwa na vyeti walizinunua baadaye. Bunduki za kuwinda nazo zilibaki makabatini tangu mwaka 1977, Serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchini Kenya. Hivyo si ajabu mtoto kufungua kabati la baba yake na kukuta bunduki ambayo haijalia kwa miaka arobaini.

Jambo la kwanza: Iacheni ilipo, toeni habari

Bunduki ikionekana, kila mtu aihesabu kuwa ina risasi ndani, hata kama marehemu alisema haina. Mtu asivute kifyatulio, asichungulie mdomo wa mtutu, wala asiwape vijana waijaribu. Chumba kifungwe kwa ufunguo, na watoto wazuiwe kuingia.

Kisha mkubwa wa nyumba aende katika kituo cha polisi kilicho karibu, akiwa na cheti cha kifo na cheti cha silaha cha marehemu kama kimeonekana. Asiibebe bunduki njiani. Akiibeba katika matatu kutoka Runyenjes mpaka Embu, hata kwa nia njema, huwa amebeba silaha bila cheti. Aeleze mahali ilipo, aombe polisi waje kuichukua. Habari ikiisha kuandikwa, apewe namba ya O.B., na bunduki ikichukuliwa apewe hati yenye jina la mtengenezaji, namba ya bunduki, upana wa mtutu, na hesabu ya risasi zilizokabidhiwa. Hati hiyo ndiyo ngao ya warithi. Bila hiyo, baada ya mwaka mmoja hakuna atakayekumbuka bunduki ilikuwa ya nani.

Risasi zilizosalia zikabidhiwe pia. Zisitupwe chooni, zisichomwe motoni pamoja na takataka, wala zisiachwe kwenye kopo darini.

Sheria inayotawala mambo haya ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyotungwa mwaka 1953 wakati wa Hali ya Hatari na kurekebishwa mara nyingi baadaye. Sheria hiyo hairuhusu mtu awaye yote kununua, kupata au kuweka silaha bila cheti chake mwenyewe. Adhabu yake ni kifungo kirefu. Kwa sasa vyeti husimamiwa na Bodi ya Leseni za Silaha. Mwishoni mwa mwaka 2018 wenye silaha wote waliagizwa kujitokeza ili wao na silaha zao wakaguliwe upya. Kwa hiyo karatasi ya zamani iliyokunjwa ndani ya Biblia ya marehemu yaweza kuonyesha asili ya bunduki, lakini haimpi mrithi ruhusa yoyote.

Jambo la pili: Kuitambua

Kazi hii ifanywe mbele ya polisi au mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, baada ya yeye kuhakikisha kwamba chumba cha risasi ki tupu. Mrithi atazame na kuandika.

Kwanza atazame upana wa tundu la mtutu. Bunduki nyingi za shabaha za zamani za Kiingereza ni za namna mbili. Ndogo ni ya inchi .22, yaani karibu milimita 5.6, iliyotumiwa kwa mashindano ya karibu. Kubwa ni ya inchi .303, yaani milimita 7.7, ambayo ililengwa hata yadi 1,000.

Pili atazame namna inavyofunguka. Ikiwa ina mkono wa chuma chini, nyuma ya kifyatulio, nayo hupokea risasi moja moja, huenda ikawa ya mtambo wa Martini. Kiwanda cha BSA cha Birmingham kilitengeneza nyingi za .22 za namna hiyo. Ikiwa ina komeo la kuvutwa nyuma kwa mkono wa kulia, na kasha la risasi kumi chini yake, huenda ikawa Lee-Enfield. Hiyo asili yake ni bunduki ya askari, lakini wengi waliitengeneza upya kwa mashindano.

Tatu atazame vyombo vya kulengea, maana hapo ndipo bunduki ya shabaha inapojulikana. Bunduki ya askari au ya mwindaji kwa kawaida ina kijipengo rahisi nyuma na ncha mbele. Ya shabaha ina kisahani chenye tundu dogo karibu na jicho, na skrubu za kusogeza juu, chini, kushoto na kulia, zenye alama za kuhesabia. Mbele yake ina mrija mfupi wenye pete ndani. Jina la Parker-Hale likionekana katika vyombo hivyo, ni dalili njema. Mtutu wake aghalabu ni mzito kuliko wa kawaida.

Nne aandike kila alama iliyochongwa katika chuma. Katika Lee-Enfield alama nyingi zipo upande wa kulia, katika pete ya chuma mbele ya kitako: taji, herufi za mfalme, jina la kiwanda na mwaka. Namba iliyo katika mwili wa bunduki ilinganishwe na ile ya komeo. Zikiwa moja, bunduki haijachanganywa vipande, na bei yake hupanda.

Alama moja yahitaji macho makali, nayo ni mshale mpana wa Serikali ya Uingereza. Mshale huo waonyesha kwamba bunduki ilikuwa mali ya Serikali. Ikiwa mishale miwili inatazamana ncha kwa ncha, hiyo ni alama ya kwamba Serikali iliitoa katika utumishi na kuiuza. Mshale ukiwa peke yake, na hakuna karatasi ya kununulia, warithi wasitegemee fedha mpaka asili ya bunduki ijulikane. Wazee wengi wa Meru na Embu walipigana Burma katika King's African Rifles mnamo 1944 na 1945, lakini bunduki waliyopewa haikuwa mali yao. Askari alipoachishwa kazi aliirudisha. Kadhalika silaha zilizofichwa wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960, hazikuwa mali ya kurithiwa. Hizo ni za kukabidhiwa tu.

Nyumbani nako kuna kazi. Walenga shabaha wengi walikuwa na desturi ya kuweka komeo mbali na bunduki, na vyombo vya kulengea katika kisanduku chake. Vitu hivyo vikikosekana bei huanguka sana. Basi warithi watafute katika masanduku na makabati, wakusanye pia stakabadhi, vitabu vya alama za mashindano na vyeti vya zamani, na kila sehemu ya bunduki itakayoonekana wawaarifu polisi. Jambo jingine: kutu isisuguliwe kwa msasa, wala mbao za kitako zisipakwe rangi. Mrithi anayedhani anaipendezesha bunduki aweza kufuta alama ambazo mnunuzi angezilipia.

Jambo la tatu: Haki ya kuuza

Hata polisi wakiishika bunduki, mwana mkubwa hawezi kuiuza kwa kuwa yeye ni mwana mkubwa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, yamkataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Avunjaye kifungu hicho aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili.

Njia yake ni hii. Familia hupata barua ya Chifu yenye majina ya warithi wote, kisha huomba mahakamani hati ya kusimamia mirathi. Ikiwa marehemu hakuacha wasia, mume au mke aliyebaki hutangulizwa kwa kawaida, naye ndiye mama ambaye mara nyingi husahauliwa wana wanapokutana. Mahakama Kuu ina vituo Meru, Embu na Chuka, na mirathi midogo husikizwa na mahakimu. Ombi hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Kwa kawaida hati huthibitishwa baada ya miezi sita, ndipo mali igawiwe. Bunduki iandikwe katika orodha ya mali kwa jina na namba yake, kama vile shamba na ng'ombe.

Jambo la nne: Kuuza

Mwenye hati ya mirathi ana njia tatu. Aweza kuiuza kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, au kwa njia yake kwa mnunuzi mwenye cheti kinachomruhusu kununua bunduki hiyo. Aweza kukubaliana na ndugu zake kwamba mmoja wao aombe cheti chake mwenyewe, naye asiishike bunduki mpaka akubaliwe na Bodi. Au aweza kuiacha mikononi mwa Serikali iteketezwe. Njia hii ya tatu haileti fedha, lakini kwa bunduki iliyooza au isiyo na asili ndiyo njia ya amani.

Kwa kuuza, ni vema kuomba wafanyabiashara wawili wapime thamani, kila mmoja kwa maandishi, tena mjane na watoto wote wasomewe. Wanunuzi ni wachache, maana kila mmoja lazima awe na ruhusa. Kwa sababu hiyo bei haiwi kama ile inayosikika Ulaya, na mauzo huweza kukawia. Malipo yafanywe kwa njia ya benki, na nakala ya hati ya mauzo ipelekwe kituo kile kilichotoa namba ya O.B., ili kitabu kifungwe.

Atakuja mtu mwingine, naye huja jioni. Atasema mahakama ni ndefu, polisi ni wasumbufu, yeye ana fedha taslimu mfukoni. Familia na imwulize swali moja: cheti chako ki wapi? Mpakani mwa Meru na Isiolo, upande wa Tigania na Igembe, wizi wa mifugo kwa silaha umewaua watu na kuwafukarisha wengine kwa miaka mingi. Bunduki ya .303 iliyotengenezwa kutoboa karatasi kwa yadi 1,000 yaweza kumwua mchungaji kwa umbali huohuo. Siku itakapopatikana, namba yake itasomwa, na jina litakalotokea katika kitabu cha Serikali ni la marehemu. Watakaoulizwa ni wale aliowaacha.

Haraka haraka haina baraka. Miezi sita ya kungoja si mingi kwa familia ambayo bunduki yao imehifadhiwa, namba yake imeandikwa, na mama mwenye nyumba analala bila hofu ya kubishiwa mlango usiku.