Kitabu cha karatasi au cha simu?

SWALI: Mwalimu, nasoma uundaji wa programu, mwaka wa kwanza. Fedha yangu inatosha kitabu kimoja tu. Ninunue, au nisome kwenye simu?

JIBU: Mwanangu, nunua, ila kiwe cha misingi. Misingi haichakai upesi: kitabu cha lugha ya C cha Kernighan na Ritchie kilitoka mwaka 1978, toleo la pili 1988, na toleo hilo bado linafundisha vizuri. Vitabu vya zana zinazobadilika kila mara visome kielektroniki.

Simu ina shida yake. Kioo ni kidogo, mstari wa msimbo unakatika, nafasi za mwanzo wa mstari zinavurugika. Na kwenye Python nafasi hizo ni sehemu ya sarufi, zikiharibika programu haiendi. Lakini kutafuta neno moja ndani ya kurasa 800, hapo karatasi haifui dafu.

Kitabu kiweke kando ya kompyuta, penseli mkononi, na kila mfano uuandike kwa vidole vyako. Tafadhali usinakili na kubandika. Na kabla hujalipa, uliza maktaba ya chuo. Huenda kipo rafuni.