Anayeimba Harusi za Wengine: Muziki, Mapenzi na Ndoa katika Siku Njema, Utengano na Vuta N'kuvute

Mwanafunzi wa Malindi, Watamu au Kilifi hahitaji kuelezwa sherehe ya kupamba ni nini. Umekwenda na mama au shangazi, umemwona bibi harusi amekaa juu amepambwa, na umemsikia mwimbaji. Wanawake wanainuka mmoja mmoja kumtunza, noti zinamwagika, kila mtu anaujua wimbo. Kisha mnarudi nyumbani, na njiani mtu mzima mmoja anasema kwa sauti ya chini kwamba mwimbaji yule kuimba anajua, lakini yeye hawezi kumwozesha mwanawe mtu kama huyo.

Shika maneno hayo ya njiani. Mada ya sura hii yote imo ndani yake. Mwimbaji anaalikwa kila harusi, anasifia mapenzi, anawaombea maharusi heri, lakini mwenyewe akitaka kuolewa watu wanakunja uso. Riwaya tatu tutakazosoma hapa zinaigusa hali hii, kila moja kwa njia yake. Siku Njema ya Ken Walibora ilitoka mwaka 1996, Utengano ya Said Ahmed Mohamed mwaka 1980, na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi mwaka 1999. Mbili za kwanza zimewahi kutahiniwa Kenya. Ya tatu inajulikana zaidi katika kidato cha tano na cha sita Tanzania. Ukizisoma pamoja utaelewa kila moja vizuri zaidi kuliko ukiisoma peke yake.

Kosa linalowapotezea wengi alama

Tuanze na kosa, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike sura hii. Swali likisema "Eleza sifa za Zainabu Makame", watahiniwa wengi huandika upesi: "Zainabu ni mwasherati kwa kuwa alizaa nje ya ndoa." Jibu linaonekana limekamilika, lina sifa na lina sababu. Hata hivyo ni jibu baya. Mtahiniwa ameyachukua maneno ya wasengenyaji wa riwayani na kuyaandika kama sifa ya mhusika. Sifa ya mhusika hutokana na anayoyatenda, anayoyasema, na jinsi mwandishi anavyomchora. Wanayoyasema majirani ni ushahidi pia, lakini kwanza ni ushahidi juu ya majirani wenyewe.

Kwa hiyo kila unapokutana na hukumu juu ya mwanamke anayeimba, jiulize: nani anasema?

Siku Njema imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Msimulizi ni Kongowea Mswahili, mwana wa Zainabu. Yote tunayoyajua kuhusu mwimbaji huyu wa taarab wa Tanga yamepita kwenye kinywa cha mtoto aliyempenda, aliyempoteza mapema, na aliyetukanwa kwa ajili yake. Mtoto huyo anaitwa mwanaharamu na watu wanaomjua mama yake kwa sauti. Ona kejeli iliyomo: sauti iliyompa Zainabu jina mjini ndiyo hiyo hiyo iliyowapa watu nafasi ya kulichafua jina hilo. Walibora hatupi mhadhara kuhusu jambo hili. Anatuacha tulione kupitia jeraha la mwana, na safari ndefu ya Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake ni safari ya kutafuta upande wa pili wa kisa cha mapenzi ambacho Tanga imekwisha kukihukumu.

Tanga haikuchaguliwa kwa kubahatisha, nadhani. Katika miaka ya 1960 na 1970 mji huo ulikuwa na vikundi vya taarab vilivyovuma pwani nzima, vikiwemo Black Star na Lucky Star, na waimbaji wanawake kama Shakila Saidi walijulikana mbali sana na kwao. Msomaji wa pwani akiambiwa "mwimbaji wa taarab wa Tanga", anajua anaambiwa mtu mwenye jina, si mtu wa pembeni.

Historia inatusaidia hapa. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya hali ya chini, aliwahi kuuza vyungu kabla ya kuingia mjini na kuwa mwimbaji. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na sauti yake ikaenea Afrika Mashariki yote. Aliimba pia juu ya wanawake waliodhulumiwa na ya mahakama zisizowatendea haki. Pamoja na umaarufu huo alikejeliwa kwa sura yake na kwa nasaba yake. Shaaban Robert, ambaye naye ni mtu wa Tanga, aliona maisha ya mwanamke huyu yanastahili kitabu, akaandika wasifu wake. Kwa hiyo waandishi walipomweka mwimbaji wa kike katikati ya riwaya zao walikuwa wanaendeleza mjadala uliokuwapo.

Utengano: kipi kilitangulia?

Kosa la pili linahusu Maimuna. "Muziki na baa vilimpotosha Maimuna," huandika mtahiniwa. Rudi kwenye mpangilio wa matukio. Maimuna analelewa ndani ya kuta. Baba yake, Maksuudi, hamruhusu kutoka nje wala kuchanganyika na watu. Baba huyo huyo ana siri zake nje, na zamani alimwoa Mwanasururu, binti wa Bi Farashuu, akamnyang'anya mali yake kisha akamwacha. Mama yake Maimuna, Bi Tamima, naye anapewa talaka. Ndipo binti anatoroka, anaangukia mikononi mwa Mama Jeni, na baadaye tunamkuta Rumbalola akiwaimbia walevi.

Kipi basi kilitangulia? Nyumba ilivunjika kabla ya wimbo wa kwanza. Muziki haukumtoa Maimuna nyumbani. Ulimkuta barabarani, ukampa kitu pekee alichokuwa nacho cha kuuza bila kuuza mwili wake, yaani sauti. Kwamba hata sauti hiyo inaharibiwa na pombe na mazingira ya baa ni sehemu ya msiba wake, na hapo mtahiniwa anaweza kuandika kwa haki kwamba mwandishi hauoneshi muziki kama wokovu. Wanaume wanampigia makofi, lakini makofi hayamstahi. Anayemrudishia heshima ni Kabi, anayeamua kumwoa.

Sasa linganisha ndoa zilizomo. Ndoa ya Maksuudi na Mwanasururu ilikuwa halali, na ndiyo iliyotumiwa kuiba. Ndoa yake na Tamima ilikuwa halali pia, na ilikuwa gereza. Mapenzi ya Zainabu katika Siku Njema hayakuwa na ndoa, lakini mwana aliyezaliwa humo anavuka mpaka wa nchi mbili kwa ajili yake. Swali la 20 likikutaka ujadili ndoa, hapa ndipo penye nyama. Usihesabu ndoa ngapi zimefaulu na ngapi zimeshindwa. Uliza kila ndoa ilimlinda nani na ilimfaidi nani.

Vuta N'kuvute: taarab inavuka mto

Riwaya ya Adam Shafi ndiyo iliyosuka visa vya mapenzi na ndoa kwa wingi zaidi, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote tatu, nikiri. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mbali sana. Anapomkimbia, jamaa zake hawampokei. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mwafrika wa Ng'ambo, mpenda taarab na dansi. Ndani ya maisha hayo mapya anakutana na Denge, kijana mwanaharakati anayepambana na ukoloni, na mwishowe anaolewa na Bukheti.

Neno "Ng'ambo" lisikupite. Zamani mkono wa bahari uliitenga Mji Mkongwe, walikokaa wenye nguvu na wenye maduka, na upande wa pili walikokaa wengi wasio nacho. Yasmin anavuka. Anavuka mipaka ya rangi, ya tabaka na ya dini ya kwao ya ndoa za kupangiwa, na burudani ndiyo sehemu ya kwanza anayokaa na watu asiowajua bila kuulizwa ni binti wa nani.

Kwa nini taarab hasa? Kwa sababu muziki wenyewe ni mchanganyiko. Udi na kanuni vimetoka Uarabuni na Misri, kinanda cha kupuliza kwa mkono kimetoka India, ngoma na lugha ni za hapa. Hapo ndipo mwanafunzi wa Malindi ana faida. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa kutia maneno ya Kiswahili ndani ya mahadhi ya filamu za Kihindi, na tungo nyingi alizoimba zilikuwa za binamu yake Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita. Ukizikumbuka nyimbo hizo utaelewa mara moja kwa nini Yasmin hajisikii mgeni kabisa akiwa Ng'ambo.

(Tahadhari mbili ndogo. Unguja pia kuna mtaa unaoitwa Malindi, na kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 huitwa pia Malindi. Usichanganye na mji wetu. Pili, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ni nzuri, itazame, lakini filamu na riwaya ni kazi mbili. Mtahini anasahihisha riwaya.)

Nawe unayetoka Ganze au Kaloleni, usidhani mada hii ni ya Waswahili wa mjini tu. Wazee wanapoketi kuzungumzia mahunda, na nje kayamba zinalia, kuna mazungumzo mawili yanayoendelea: ya ndani ni ya thamani, ya nje ni ya furaha. Uliza ni wapi bibi harusi anapata nafasi ya kusema. Swali hilo hilo liulize juu ya Yasmin siku ya kuozwa kwa Raza.

Namna ya kujibu

Chukua swali hili: "Muziki ni sauti ya mwanamke aliyenyamazishwa na ndoa." Jadili.

Jibu dhaifu litasema: "Ni kweli. Zainabu aliimba taarab. Maimuna aliimba baa. Mwajuma alipenda taarab." Huo ni ushahidi usio na hoja. Jibu lenye nguvu litaandika hivi: "Maimuna ananyamazishwa na baba yake kabla ya ndoa yoyote. Anapoimba Rumbalola anasikika kwa mara ya kwanza, lakini wanaomsikia wanataka burudani, si habari zake. Kwa hiyo kauli ni kweli kwa kiasi: muziki unampa sauti, haumpi wasikilizaji." Umekubali, umepinga, na umethibitisha kwa tukio. Usiogope kupinga sehemu ya kauli; neno "jadili" linakuruhusu.

Maswali ya marudio

1. "Hukumu ya majirani inatufunulia majirani kuliko inavyomfunulia mhukumiwa." Thibitisha kwa kurejelea Kongowea na mama yake. (alama 10)

2. Linganisha kutoroka kwa Maimuna na kutoroka kwa Yasmin ukizingatia sababu, wanaowapokea na ndoa zao za mwisho. (alama 20)

3. Msikilize mtu mzima wa kwenu akieleza wimbo mmoja wa harusi anaoukumbuka. Eleza nani huuimba, nani huimbiwa, na unasema nini juu ya ndoa ambacho hakisemwi waziwazi. (alama 10)