SOMO LA KAMATI: NGUO IKAGULIWE KWA NDANI

Somo la robo hii linahusu nguo, hasa sare za shule ambazo wengi wetu huwanunulia watoto tunaowasaidia. Kabla ya kikao, mjumbe mmoja ajiandae kusoma Matendo ya Mitume 9:36–42, na mwingine aje na sare moja ya mtoto. Isiwe mpya. Iwe imevaliwa walau muhula mmoja.

Yafa na Feri

Tabitha, au Dorkasi, aliishi Yafa, mji wa bandari. Sisi wa Dar es Salaam hatuhitaji maelezo marefu kuhusu mji wa namna hiyo. Ukisimama Feri asubuhi, samaki wakishushwa na pantoni ya Kigamboni ikijaza watu, unaweza kufikiri ni kwa nini mji wa pwani huwa na wajane.

Dorkasi alipofariki na Petro akaitwa, wale wajane hawakumweleza sifa za marehemu kwa maneno mengi. Walilia, wakamtolea nguo alizowashonea. Tuone mambo mawili hapa. Kwanza, nguo zilikuwa bado nzima ingawa fundi hayupo. Pili, aliyezishona aliishi nao, akawajua kwa majina na kwa vipimo.

Hapohapo Feri kuna somo jingine. Angalieni matanga ya ngalawa zinazorudi: mara nyingi yana viraka. Hakuna mvuvi anayeona haya kwa kiraka. Anachoogopa ni mshono hafifu, maana tanga likifumuka katikati ya maji hakuna duka la jirani.

Kosa letu

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa somo hili alitumwa na kamati yake kwenda Kariakoo kutafuta sare za watoto 30 waliokuwa wakifadhiliwa. Nilizunguka vibarazani, nikampata fundi mmoja mtu mzima karibu na Mtaa wa Kongo. Akataja bei. Nikaomba apunguze, akapunguza. Nikaomba tena. Akaweka chaki chini.

“Baba, kwa bei hiyo nitakushonea,” alisema. “Ila pindo litakuwa la kidole kimoja, na ndani ya mshono siachi kitu. Mtoto akikua usinirudishie.”

“Haina shida, fundi,” nikamjibu. Nilirudi parokiani na fedha iliyobaki, na kamati ikanipigia makofi.

Januari sare zilipendeza sana. Shule zilipofunguliwa Julai, sketi za wasichana wa darasa la sita zilikuwa zimepanda juu ya magoti. Mama mmoja alikuja na kaptura ya mwanawe iliyopasuka mshono wa nyuma. Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi wa mtaani kwake, akaambiwa hakuna pa kushika, kitambaa kimekwisha. Mwaka uliofuata tulimwandikia mfadhili atuongezee fedha za sare kwa watoto walewale. Katika taarifa tuliandika kwamba mahitaji yameongezeka. Ukweli ni kwamba hayakuongezeka. Ni sisi tuliokuwa tumenunua nguo ya miezi sita tukaiita nguo ya mwaka.

Tunaliandika hili kwa sababu Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare bado ni juu ya mzazi. Kwa familia nyingi tunazozihudumia, sketi iliyopasuka si jambo dogo. Mtoto huona aibu, akabaki nyumbani.

Fundi hulipwa kwa nini?

Mnunuzi huangalia rangi na jinsi nguo inavyokaa mwilini. Fundi mzuri huigeuza. Pindo la vidole vinne linaweza kushushwa mara mbili kabla mtoto hajahitaji sketi nyingine. Mshono ulioachiwa kitambaa cha kutosha kila upande unaweza kufumuliwa na kupanuliwa kiunoni. Kingo zisipozungushiwa uzi huchakaa kwa kufuliwa, hata kama kitambaa chenyewe kingali kipya. Kitambaa cha pamba kinapaswa kulowekwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo nguo itarudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Pembe za mfuko hupigwa mshono wa ziada, kwa sababu hapo ndipo mkono wa mtoto huvuta kila siku.

Yote hayo hula uzi, kitambaa na muda. Ukimkaba fundi kwenye bei, hawezi kupunguza rangi ya kitambaa, maana utaiona. Atapunguza kule usikotazama.

Na mitumba je?

Swali hili huulizwa kila tunapozungumzia mafundi. Kuvaa vya kutoka mbali si jambo la jana. Kitambaa cha marekani kilipata jina hilo kwa sababu kilikuja na meli kutoka Marekani katika karne ya 19. Baada ya Uhuru tulijaribu kujivika wenyewe. Kiwanda cha Urafiki, Ubungo, kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma kulikuwa na Mutex. Viwanda vilipoyumba na biashara kulegezwa masharti katikati ya miaka ya 1980, marobota ya mitumba yakaingia kwa wingi. Wazee wanakumbuka tulivyoziita nguo hizo “kafa Ulaya”.

Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuziondoa nchi husika katika mpango wa biashara wa AGOA. Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda haikulegeza, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya ushuru kwa mavazi yake. Huku nyuma sehemu kubwa ya pamba ya Kanda ya Ziwa imeendelea kuuzwa nje bila kufumwa hapa.

Hatuwezi kumlaumu mama anayemvika mwanawe mtumba. Tena mitumba imewafundisha mafundi wetu mengi: pale Mchikichini utawakuta wakifumua suti ya mtu mnene na kuitoa suti ya kijana. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu aliyeshona kwanza aliacha kitambaa ndani. Nguo mpya za bei rahisi zinazojaa siku hizi hazina hata hicho, na nyingi ni za nyuzi zitokanazo na mafuta ya petroli. Tambara la pamba hufuta grisi gereji na mwishowe huoza. Zile nyingine huishia mferejini, na mvua za masika hutukumbusha.

Kwa marafiki wafadhili

Robota la nguo halijampima mtoto yeyote. Tunashukuru kwa moyo ulioko nyuma yake, lakini tunaomba mtufikirie kwa njia nyingine. Hatuombi cherehani tu, kwani makabati ya parokia nyingi yana cherehani za miradi iliyokufa. Cherehani hufa kwa kukosa kazi, na hapo wa kulaumiwa ni kamati. Parokia yenyewe ni mteja mkubwa: sare za shule, kanzu za watumishi wa altare, mavazi ya kwaya. Tungekuwa tunawapelekea mafundi wetu kazi hizo kwa bei ya haki, wangeweza kuweka vijana wa kujifunza. Kwa fundi aliyejifunzia kibarazani, VETA ina utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Gharama ya namna hiyo ni nzuri kufadhiliwa.

Neno moja kuhusu vitenge vya jubilei. Kila sherehe ina kitenge chake na tarehe yake, na baada ya misa kinakunjwa sandukuni. Tunajua waumini wanavipenda. Hata hivyo kamati ingeweza kuchagua kisicho na tarehe, kikavaliwa na mwakani.

Ya kujadili kikaoni

Sare iliyoletwa igeuzwe ndani nje na ipite mikononi mwa wajumbe wote. Pindo lake ni la vidole vingapi? Je, linaweza kushushwa?

Bei tuliyolipa mara ya mwisho ilipangwaje, na fundi aliambiwa nini? Kama mjumbe aliyekwenda yupo, aeleze bila kuogopa.

Katika taarifa zetu kwa wafadhili, je, kuna “mahitaji” yaliyotokana na ununuzi wetu mbaya?

Mafundi huelemewa na kazi Desemba na Januari, na hapo hata fundi mwaminifu hushona haraka. Nani atakwenda kuzungumza na fundi kabla ya Oktoba kwisha, akiwa na vipimo vya watoto mkononi?