Kijana Mwenye Kisukari na Rukhsa ya Saumu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Katika maradhi yasiyomtoka mtu maisha yake ni kisukari, na kilicho kizito zaidi ni kile kiwashikacho watoto na vijana. Mwili wa kijana huyo huacha kufanya insulini, nayo ndiyo iingizayo sukari ya chakula mwilini ikawa nguvu. Zamani aliyeshikwa hakuishi ila miezi, au miaka michache. Dawa ilivumbuliwa mjini Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 akapigwa sindano yake mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akikaribia kufa; akaishi miaka 13 zaidi.

Lakini dawa hiyo haiondoi maradhi, huyazuia tu. Ni sindano kila siku. Hapo ndipo moyo wa kijana uchokapo. Wenziwe hula watakapo. Yeye hujitoboa kidole kupima damu, huhesabu matonge, hujificha asionekane na sindano. Huona haya, kisha huzuni, na huzuni ikikaa huzaa ujasiri mbaya: huiacha sindano siku moja, akaona hakufa, akaiacha ya pili. Watu humwita mkaidi, ilhali moyo wake nao ni mgonjwa.

Ramadhani huzidisha. Kijana hataki kuulizwa barazani mbona hafungi, basi hufunga kwa siri ya tabibu. Akijidunga asile, sukari hushuka: hutetemeka, hutoka jasho, akili humpotea, huanguka. Akiiacha sindano kwa kuogopa hayo, mwili huyeyusha mafuta yake na damu huingia sumu. Hutapika, huhema mbio, na kwa siku moja au mbili aweza kufa.

Naye hudhani hiyo ni taqwa! Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, akapatwa na janaba, akawauliza wenziwe kama ana rukhsa ya kutayamamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alisema kuwa wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa kutouliza wasilolijua. Na Amri bin al-Asi, katika vita vya Dhatus-Salasil mwaka wa 8 wa Hijra, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akatayamamu akasalisha watu. Alipoulizwa na Mtume alitoa hoja ya aya ya 29 ya Suratun-Nisaa, ikatazayo watu kujiua. Mtume akacheka, wala hakumkemea.

Basi kijana ambaye tabibu mjuzi amemwambia saumu itamdhuru, hafungi. Akitarajiwa kupata nguvu ya kufunga baadaye, atalipa siku hizo; asiyetarajiwa, atatoa kwa kila siku kibaba cha chakula cha mji kumpa maskini. Kupima damu ya kidole hakufunguzi, na sindano isiyo ya chakula haifunguzi vilevile, kama ilivyokata Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu huko Jeddah mwaka 1997.

Baba ampeleke mwanawe kwa tabibu kabla ya Shaabani kwisha, akae naye amsikilize, wala asimwachie peke yake kujibu maswali ya watu. Na wa nyumbani wakimwona anatetemeka na kutoka jasho, naye angali aweza kumeza, wampe maji ya sukari papo hapo, hata ikiwa imesalia robo saa kuadhiniwa magharibi.