Maswali na Majibu: Hofu Iliyomo Katika "Yowe" la Munch

Picha iitwayo Yowe, aliyoichora Edvard Munch wa Norwe mwaka 1893, imesambaa kwenye fulana, vikombe na simu kiasi kwamba watu huitambua bila kuitazama. Haya ni maswali ninayoulizwa mara nyingi na wanafunzi wa uchoraji na wapenzi wa sanaa.

Mwalimu, yule mtu anapiga yowe kwa sababu gani?

Mtazame mikono. Viganja vimebana masikio. Mdomo umeachama, ni kweli, lakini mtu anayepiga yowe hana haja ya kuziba masikio. Huyu anajikinga na sauti inayomjia. Munch alieleza katika shajara yake ya mwaka 1892 kwamba alikuwa akitembea na rafiki zake wawili jua likichwa, mara mbingu ikawa nyekundu. Akasimama akitetemeka, akahisi yowe kubwa lisilokoma likipita katika maumbile yote. Mandhari yenyewe ni ya kweli: ni kilima cha Ekeberg, juu ya jiji la Oslo, ambalo enzi hizo liliitwa Kristiania.

Mbona uso hauna nywele wala nyusi? Hakujua kuchora mtu?

Alijua sana. Kabla ya hapo, mwaka 1885 na 1886, alichora Mtoto Mgonjwa, picha yenye huzuni nzito na uso wa binti unaoeleweka vizuri. Katika Yowe aliondoa kwa makusudi kila kinachomtambulisha mtu: umri, jinsia, hata mifupa. Kilichobaki ni kichwa kinachokaribia kuwa fuvu na mwili uliopinda. Yeyote anayesimama mbele yake anaweza kuwa ndiye.

Rangi na mistari vinaletaje wahaka huo?

Hapa ndipo ufundi wake ulipo, nami ningependa tupatazame bila haraka. Anga ni mawimbi ya rangi ya machungwa, nyekundu na njano. Chini yake maji ya ghuba ni ya buluu iliyokolea. Machungwa na buluu zikikaa jirani, kila moja huizidishia mwenzake ukali, na jicho halipati mahali pa kupumzika.

Kisha njoo kwenye mistari. Kingo ya barabara imenyooka kabisa, inakatiza picha kwa mshazari kutoka kulia chini hadi kushoto kwa mbali, inalivuta jicho kwa kasi. Vingine vyote, yaani anga, maji na nchi kavu, vinajipinda. Na mwili wa yule mtu unajipinda vilevile, ingawa amesimama barabarani. Mpaka kati yake na ulimwengu umevunjika. Kinachoitikisa mbingu kinamtikisa naye.

Sasa watazame wale wawili kule nyuma. Wamesimama wima, wamenyooka kama kingo yenyewe. Hawajasikia chochote. Katika picha nzima hakuna mnyama, adui wala moto wa kukimbiwa, na kwangu mimi uchungu mkubwa uko hapo: mtu ameingiwa na hofu isiyo na sababu ya kuonyeshwa kwa kidole, na walio karibu naye hawana habari.

Ni kweli Munch alikuwa mwendawazimu?

Maisha yake yalijaa misiba. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1868, yeye akiwa na miaka 5; mwaka 1877 ugonjwa huohuo ukamchukua dada yake Sophie, aliyekuwa na miaka 15. Dada mwingine, Laura, aliugua akili. Munch mwenyewe alilazwa kliniki huko Copenhagen mwaka 1908. Kwenye picha ya 1893 kuna maneno madogo ya penseli yasemayo kwamba ni mwendawazimu tu angeweza kuichora, na mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa ya Norwe yalithibitisha kuwa ni mwandiko wake.

Hata hivyo, ugonjwa haukumchorea picha. Aliirudia kwa rangi na kwa chapa, tena kwa miaka mingi, akipima kila mstari. Nawasihi wanafunzi wasidhani kwamba lazima wavurugikiwe ndipo wachore uchungu.

Anahusianaje na ekspresionizimu?

Ni mtangulizi. Kundi la wachoraji wa ekspresionizimu, Die Brücke, lilipoanzishwa Dresden mwaka 1905, vijana wa Ujerumani walikuwa wakitafuta njia ya kuchora kinachowaka moyoni, na Munch alikuwa ameshaifungua. Mwaka 1937 utawala wa Wanazi uliziondoa kazi zake 82 katika makumbusho ya Ujerumani.

Mimi sitafika Oslo. Niitazameje?

Tafuta nakala nzuri, kubwa kuliko ya simu. Picha yenyewe ina sentimita 91 kwa 73.5, na imechorwa kwenye kadibodi. Wafunike wale wawili kwa kidole, utazame kwa muda. Kisha ondoa kidole, uone hofu inavyozidi wanaporudi.