SIKILIZENI GARI LA KIKUNDI LINAPOLIA



Vikundi vingi vimejinunulia pikapu ya dizeli ya kubeba maziwa, viazi au mbolea. Hiyo ni michango ya wanachama ya miaka mingi. Lakini mara nyingi dereva akisikia sauti ngeni hunyamaza, maana anaogopa kuulizwa kwenye mkutano, "Umeliharibu namna gani?" Siku gari likikwama, injini tayari imekwisha. Kwa hivyo somo hili ni la dereva, na ni la kamati pia.

Kwanza tuelewe kwamba injini ya dizeli hugonga kwa kawaida yake. Haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Hewa hubanwa mpaka ikawa moto sana, na dizeli ikinyunyizwa ndani inawaka yenyewe. Asubuhi ya baridi kugonga huko huzidi, halafu injini ikipata moto hupungua. Hiyo si shida. Shida ni sauti ambayo jana haikuwako.

Ukiisikia, usianze kubahatisha ni kitu gani. Jiulize inafuata nini. Simama mahali salama, vuta hendibreki, weka gia huru, kisha kanyaga mafuta kidogo. Ikiwa sauti ingali inasikika na inapanda, iko kwa injini au kwa vitu vinavyozungushwa na injini. Ikiwa imenyamaza, tafuta kwa magurudumu, propela au difu. Lakini usiweke gia huru gari likiwa kwenye mteremko, hata kama ni kwa kujaribu tu! Huko Salgaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, malori yaliyoteremka hivyo yameua watu wengi miaka iliyopita.

Sasa tuongee juu ya mkanda wa feni, kwa sababu huo ndio watu huudharau. Ukilegea hulia kwa sauti kali unapowasha gari, au ukipita kwenye maji. Utasikia abiria wakisema, "Ah, ni mkanda tu." Hebu fikirini. Katika pikapu nyingi za dizeli, mkanda huzungusha altaneta, na nyuma ya altaneta kuna pampu ndogo ya kuvuta hewa inayofanya breki ziwe nyepesi. Mkanda ukikatika, taa ya chaji inawaka, na baada ya kukanyaga breki mara chache pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Mara nyingi pampu ya maji nayo inasimama, na injini inachemka. Ikikupata njiani, usipige-pige pedali. Rudisha gia ndogo, kanyaga mara moja kwa nguvu bila kuachilia, usimame. Mkanda mpya ni bei ndogo sana kando ya hayo.

Ngurumo inayopanda na mwendo, na kubadilika ukipiga kona, mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Ikizidi ukikata kushoto, anza kuangalia upande wa kulia, kwa maana ndio unaolemewa. Breki zikikwaruza chuma kwa chuma, pedi zimekwisha. Propela ikigonga "tak!" unapoondoka au unaporudi nyuma, mwonyeshe fundi kros zake. Na ukisikia kitu kinagongagonga muda mfupi baada ya kubadilisha tairi, simama papo hapo ukaze nati, usingoje kufika sokoni.

Kuna sauti moja isiyo na mjadala: mgongo mzito chini ya injini, go-go-go, hasa ukipanda mlima na mzigo, au taa ya oili ikiwaka. Zima injini pale pale. Kuendelea hata kilomita moja kunaweza kuharibu krankishafti, na afadhali kulipa gari la kuvuta.

Nozo mbovu pia hugonga, na mara nyingi hutoa moshi. Hiyo mwachie fundi. Dizeli ya kwenye paipu hizo ina nguvu ya kutoboa ngozi, kwa hivyo msizifungue wenyewe.

Wekeni daftari ndani ya gari. Dereva aandike tarehe, sauti ilivyokuwa, mwendo, mzigo, injini ikiwa baridi au moto, na kama alikuwa akikata kona au kushika breki. Fundi akipata maneno hayo hatafungua vitu ovyo kwa pesa zenu.

Ya kujadili kikundini:
Dereva wetu akileta habari ya sauti, huwa tunamjibu vipi?
Ni nani atakayesoma daftari kila wiki?
Mkanda wa gari letu ulibadilishwa lini?