Herufi P Isiyotamkwa: Familia Nne za Maneno ya Kiingereza



Katika mwaka wetu wa kwanza wa falsafa, mwenzetu mmoja aliombwa kusoma kwa sauti ukurasa wa kitabu cha Kiingereza mbele ya darasa. Alipofika kwenye neno "psyche" alilisoma kama sisi tuliolelewa na Kiswahili tunavyosoma kila neno, herufi kwa herufi: "pisiche". Darasa zima lilicheka, na sisi tunaoandika somo hili tulicheka pia. Kwa majuma kadhaa mwenzetu hakunyosha mkono tena, si kusoma wala kuuliza swali. Tulipokaa naye baadaye tuligundua jambo la kututia aibu: tuliocheka tulijua kulitamka neno hilo, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kueleza vizuri maana yake.

Tangu hapo tulianza kukusanya maneno ya Kiingereza yanayoanza na p isiyosikika. Leo tunawashirikisha machache, ninyi mafrateri wenzetu na ninyi waamini mnaosoma masomo katika Misa ya Kiingereza.

Kwa nini p iandikwe kama haitamkwi?

Maneno haya yametoka katika Kigiriki. Wagiriki waliitamka ile p, na walikuwa na herufi moja nzima kwa ajili ya sauti "ps": ni psi (Ψ), ya 23 kati ya herufi zao 24. Waingereza walipoyapokea maneno hayo, ndimi zao hazikuzoea kuanza neno kwa "ps" wala "pn". Wakaacha kuitamka p, lakini katika maandishi wakaibakiza. Wajerumani hadi leo huitamka. Sisi Waswahili tumechagua njia nyingine: tumeandika kama tunavyosikia, ndiyo maana tuna "saikolojia" na "nimonia" bila p.

Basi p hiyo ni kama jina la ukoo. Haiitwi kila siku, lakini inaonyesha neno limezaliwa wapi. Tuzitazame familia nne.

1. Psalm-: wimbo wenye kinanda cha nyuzi

Kitenzi cha Kigiriki kilicho chanzo cha familia hii kilimaanisha kupiga nyuzi kwa vidole.

"Psalm" hutamkwa "saam"; hata l haisikiki. Maana yake ni zaburi.
"Psalmist" ni mtunzi au mwimbaji wa zaburi.
"Psalter" hutamkwa "solta", na hapa l inasikika. Ni kitabu cha Zaburi, zote 150.

Neno letu "zaburi" limetujia kwa njia ya Kiarabu, kwa hiyo halituonyeshi zile nyuzi. Lile la Kigiriki linatukumbusha kwamba zaburi tunazosali katika Masifu ya Asubuhi zilikuwa nyimbo kabla ya kuwa maandishi.

2. Psych-: nafsi

"Psyche" hutamkwa "saiki". Kwa Wagiriki lilimaanisha pumzi ya uhai, kisha nafsi. Kitabu cha Aristotle kuhusu nafsi, tunachokijua kwa jina la Kilatini De Anima, katika Kigiriki kinatumia neno hilihili.

"Psychology" ni elimu ya nafsi, na siku hizi zaidi elimu ya akili na mwenendo wa mtu.
"Psychiatry" ni tiba ya magonjwa ya akili. Sehemu ya pili ya neno inatokana na mganga.

Hapa mwanafunzi wa falsafa awe macho. Aristotle anaposema mmea una psyche, hasemi kwamba mchicha unafikiri. Anasema una chanzo cha uhai ndani yake. Anayetafsiri neno hilo kuwa "akili" kila mahali atampotosha Aristotle, hata kama analitamka sawasawa.

3. Pseud-: uongo, kisicho halisi

"Pseudo" hutamkwa "syudo".

"Pseudonym" ni jina la kubuni analotumia mwandishi.
"Pseudoscience" ni kitu kinachojifanya sayansi kumbe siyo.

Katika masomo yetu tunakutana na Pseudo-Dionysius. Mwandishi huyo, wa karne ya 5 au ya 6, alitumia jina la Dionisi Mwareopago, yule aliyeamini kwa mahubiri ya Paulo kule Athene (Mdo 17:34). Kwa karne nyingi wasomaji waliamini kuwa ndiye, na Mtakatifu Thomas wa Akwino alimnukuu mara nyingi sana. Jina halikuwa lake, lakini mafundisho yake yalipimwa na kupokelewa.

4. Pneum-: upepo, pumzi, roho

"Pneumonia" hutamkwa "nyumonia". Ni ugonjwa wa mapafu.
"Pneumatic" ni kitu kinachoendeshwa au kujazwa kwa hewa, kama tairi.
"Pneumatology" ni tawi la teolojia linalomhusu Roho Mtakatifu.

Mapafu, tairi na Roho Mtakatifu vinakutanaje? Katika mazungumzo na Nikodemo (Yn 3:8), upepo na Roho vimeandikwa kwa neno moja la Kigiriki, pneuma. Nasi hatuko mbali: "roho" yetu inatokana na neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na upepo, na "nafsi" ina undugu na neno la Kiarabu la pumzi.

Tahadhari mbili

Kwanza, "ps" peke yake haitoi maana. "Psoriasis" ni ugonjwa wa ngozi, hauhusiani na nafsi. Tazama herufi zinazofuata.

Pili, p hii hunyamaza hasa mwanzoni mwa neno. Katikati mara nyingi husikika, kama katika "synopsis", yaani muhtasari, na "apnea", yaani kukatika kwa pumzi.

Zoezi

Bila kamusi, eleza maana ya maneno haya: "psalmody", "psychosomatic", "pseudo-prophet". Kumbuka kwamba soma kwa Kigiriki ni mwili.

Majibu: uimbaji wa zaburi, kinachohusu nafsi na mwili pamoja, nabii wa uongo.

Mwenzetu yule sasa ndiye anayetusahihisha katika maneno ya Kigiriki, maana baada ya siku ile alikwenda kuyatafuta mizizi. Lakini si kila anayechekwa hurudi. Ukimsikia msomaji parokiani au mwenzako darasani akiitamka p, msubiri amalize, mwendee pembeni, mweleze kwa upole. Kisha muulizane na maana ya neno lenyewe, kwa sababu huenda hata wewe huijui.